Meza ya Futi Kumi na Nane

Mwaka wa 1967 niliwajengea wafanyakazi wangu meza. Nasema hivyo mapema kwa sababu kuna watu Migori ambao bado wananikumbusha, na ni afadhali msomaji alisikie jambo hili kutoka kwangu kuliko kutoka kwa Gisiri.

Nilikuwa na kiwanda kidogo cha sukari nguru, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mjini. Kiwanda ni neno kubwa. Palikuwa na injini moja, mashine moja ya kukamua miwa, makarai matatu makubwa juu ya tanuri, na banda ambamo sukari ilifungwa kwa majani makavu ya migomba. Nilikuwa karani wa mahali hapo kwa miaka saba. Mwenye kiwanda alipoamua kuhama baada ya uhuru aliniuzia, na asubuhi moja nikaamka nikiwa mwajiri wa watu tisa. Hakuna hata mmoja aliyebadilisha jina langu. Nilipowakumbusha kwa upole kwamba mimi si karani tena, walijibu wote kwa heshima, "Ndiyo, Karani."

Shule niliiacha darasa la sita. Mengine nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa masomo ya posta. Mwaka huo nilikuwa nafuata masomo ya usimamizi kutoka Nairobi, na kila wiki mbili bahasha ilikuja. Somo la saba lilihusu hali ya mfanyakazi kazini. Lilisema kwamba mwajiri mwema huangalia watu wake wanakula nini, wanakula wapi, na wanakula na nani. Mwishoni palikuwa na maswali. Swali la nne liliuliza, "Je, umewauliza wafanyakazi wako wanahitaji nini?" Nikaandika "Ndiyo," kwa sababu nilikuwa nimejiuliza mwenyewe mara nyingi kwa niaba yao.

Kisha nikachukua daftari jipya na kuanza kuwaangalia.

Kwa muda wa wiki tatu niliandika kila kitu. Niliandika jina la kila mtu, kwao, dini yake, na kama anakunywa chai au uji, maana sisi Wasabato tulikuwa wanne na chai hatugusi. Niliandika kwamba Gisiri, Mkuria wetu wa kuwasha tanuri, hula amesimama. Niliandika kwamba Monicah, msichana wa kufunga sukari, hula njiani kabla hajafika. Na niliandika kwamba Javan na Phelesia wana ugomvi.

Javan ndiye aliyekuwa mpishi wa sukari. Alikuwa mtu wa Kosele, mrefu, si msemaji. Maji ya miwa yakichemka katika karai la mwisho huja dakika ambayo ni lazima yaondolewe motoni. Ukiwahi, yanabaki kama asali na hayagandi; ukichelewa, yanaungua. Dakika hiyo Javan aliijua kwa jicho. Mimi nilijaribu kuipima kwa saa yangu ya mkono kwa miezi minne na sikuwahi kuipata. Bila Javan kiwanda kile kilikuwa makarai matatu na deni tu.

Phelesia alikuwa mama wa makamo kutoka Kendu Bay, mjane, mkubwa wa banda la kufungia. Aliajiriwa mwaka mmoja kabla ya Javan.

Hawa wawili hawakusalimiana kwa mkono. Phelesia aliingia kwa lango la mbele; Javan alizunguka mpaka upande wa mto ili kuingia kwa nyuma. Phelesia akipita karibu na tanuri, Javan aligeuza uso kuelekea ukutani kama mtu anayesoma tangazo, na ukuta ule haukuwa na tangazo. Chakula cha mchana mmoja alikula nyuma ya tanuri na mwingine nyuma ya rundo la majani, kila mmoja akimpa mwenzake mgongo. Nikaandika: "Chuki ya muda mrefu. Sababu haijulikani. Wapatanishwe."

Mimi ni Mkisii. Nilipokuwa naandika maneno hayo nilikuwa nimeoa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote, kama ilivyo desturi yetu, sikuwahi kukaa meza moja na mama mzaa mke wangu. Tukikutana sokoni, mimi huona ghafla kwamba nina haja kubwa ya kutazama mbuzi. Lakini kazini nilikuwa nimevaa macho ya somo la saba, na macho hayo hayakuwa na wakwe.

Basi nikajenga meza. Ilikuwa ya futi kumi na nane, mbao nzuri, mabenchi pande zote mbili, paa la mabati juu yake. Mke wangu, Nyasuguta, alikubali kupika ugali, mboga na samaki kila siku. Aliniuliza jambo moja tu.

"Wamekuomba meza?"

"Hawajui kwamba wanaihitaji."

"Haya," akasema, akarudi kwa sufuria yake.

Kila mtu nilimwandikia jina lake mezani kwa rangi nyeupe, mahali pake. Nilipanga kwa utaratibu: anayepika amkabili anayefunga, ili waweze kujadiliana kuhusu kazi. Kwa hiyo Javan angekaa uso kwa uso na Phelesia, na kati yao niliweka sahani moja ya samaki ya watu wawili. Wengine niliwapa kila mtu sahani yake. Hao wawili tu ndio niliowapa moja. Nilifurahia sana wazo hilo na nikaliandika katika majibu yangu ya Nairobi.

Jumatatu meza ilifunguliwa. Javan alikuja, akaona jina lake, akaona jina lililo mbele yake, akasema tumbo linamuuma. Jumanne alisema yuko katika mfungo. Phelesia naye alisema siku zote mbili kwamba ana majani ya kuchambua. Watu wengine walikula haraka na kimya. Nikaona kwamba ni ugeni wa jambo.

Jumatano nilimshika Javan mkono. Hili ndilo ninalolikumbuka nikiwa nanyoa ndevu, na mara nyingi hujikata. Nilimshika mkono mtu mzima, mbele ya wenzake, nikampeleka mpaka mahali pake na kumkalisha. Kisha nikaenda bandani na kumleta Phelesia. Alikuja kwa sababu mwajiri alikuwa amesimama mbele yake akitabasamu. Alipokaa alivuta kanga kichwani mpaka ikafunika nusu ya uso. Javan alikuwa amegeuka upande mzima, hata shingo yake ilionekana kama imevunjika. Hakuna mkono uliogusa samaki. Monicah aliacha kutafuna. Gisiri, ambaye hunyamaza akilala tu, alinyamaza.

Nikasema maneno machache kuhusu upendo kazini.

"Watu wanaokula sahani moja," nikasema, "hawawezi kuwa maadui."

Mtu mmoja alikohoa. Nikaona kwamba wameguswa.

Alhamisi Javan hakuja. Phelesia hakuja.

Kufikia saa nne makarai yalikuwa yanachemka na hapakuwa na mpishi. Tulizima moto, tukamwaga maji ya miwa mtoni. Ijumaa nilisema nitapika mwenyewe. Nilisimama juu ya karai nikiwa na saa mkononi na daftari chini ya kwapa. Gisiri alisimama kando yangu na fimbo yake ya kuchochea moto.

"Karani, nadhani sasa," akasema.

"Bado dakika mbili."

"Karani, inanuka."

"Saa haijafika."

Ilipofika, kilichokuwa ndani ya karai kilikuwa cheusi, na kilishika mwiko, ukabaki umesimama wima peke yake. Wakati huohuo mtu wa posta alileta bahasha ya Nairobi. Nilikuwa nimepata alama themanini na mbili. Mwalimu, ambaye sijawahi kumwona, alikuwa ameandika pembeni, karibu na meza yangu: "Mpango mzuri sana. Endelea."

Nilimwonyesha Gisiri. Alisoma polepole, akatazama karai, akanirudishia karatasi.

"Gisiri," nikasema, "Javan na Phelesia wamegombana nini?"

Aliiegemeza fimbo yake ukutani.

"Karani, wewe hujui?"

"Sijui."

"Kweli hujui? Na daftari yote hiyo?"

"Niambie."

"Mimi ni Mkuria," akasema Gisiri. "Mambo ya Wajaluo waulize wenyewe. Lakini sisi tulifikiri unamfukuza Javan. Tulisema, huyu Karani ni mpole, hawezi kumwambia mtu toka. Amemtengenezea meza."

Sabato hiyo sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilijua jambo moja tu: kwamba mtu aliyekuwa ameshikilia kiwanda changu kwa jicho lake alikuwa ameondoka akiamini nimemfukuza, na kwamba sikujua nimemfanya nini. Miwa ilikuwa imekatwa na inalala juani. Javan akipata kazi mahali pengine, na mpishi kama yeye hakosi, ningekuwa na juma moja, pengine mawili, kabla ya kuwarudisha wengine saba nyumbani.

Jumapili nilipanda basi la asubuhi kwenda Oyugis, na kutoka hapo nikaenda kwa miguu mpaka Kosele. Nyumba ya Javan ilikuwa nyuma ya soko. Yeye mwenyewe alikuwa anarekebisha ua. Aliponiona aliweka panga chini, akanipa mkono, akaniletea kiti kivulini kando ya ukuta, akakaa. Mimi nilikuwa nimejifunza hotuba njiani, lakini ilikuwa imeishia mahali fulani kabla ya kufika sokoni.

"Javan," nikasema, "sikukufukuza."

"Sawa, Karani."

"Nataka urudi."

"Sawa."

"Utarudi?"

Akatazama ua wake. "Ua huu umeanguka kabisa," akasema.

Mke wake alitoka na maji ya kunywa. Jina lake ni Roseline. Nilikuwa nimeliandika katika daftari: "Mke: Roseline, wa Kendu Bay." Alipiga goti kidogo akanipa maji, na alipoinua uso nikaona paji la uso ninalolijua, na nyusi zilizokutana katikati, ambazo nilikuwa nimeziona kila siku kwa miaka minne zikiinama juu ya majani ya migomba.

Maji yalinipalia.

"Mama yako," nikasema nilipoweza kusema, "yuko wapi?"

"Yuko kwake, Kendu. Anasema hataweza kurudi kwa ile kazi." Kisha akaziba mdomo kwa mkono, na nikaona kwamba hakuwa analia. "Pole, Bwana Mochama. Lakini ni kweli uliwawekea samaki mmoja?"

"Roseline," Javan akasema.

"Nauliza tu. Samaki mmoja?"

"Mmoja," nikasema. "Ngege."

Akakimbilia ndani. Tukamsikia anacheka, kisha anajaribu kunyamaza, kisha anashindwa.

Javan alitazama mikono yake. "Mama ndiye alinitafutia kazi hiyo," akasema. "Alimtuma mtu kwa Roseline, kwamba mpishi anatakiwa Migori. Tukapanga. Yeye lango la mbele, mimi la mto. Yeye bandani, mimi motoni. Miaka mitatu hajaniona natafuna. Hata siku moja. Nilikuwa najivunia hilo, Karani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Kwamba Mkisii hajui mkwe?"

Nilisema pole, si mara moja, na nikasema kwamba nilidhani ni chuki. Hapo tu uso wake ukalegea kidogo.

"Chuki?" akasema. "Karani, yule mama namheshimu kuliko askofu."

"Basi rudi."

"Siwezi kurudi yeye akiwa amebaki nyumbani kwa sababu yangu. Itakuwa nimekula kazi yake. Nenda kwake kwanza. Akirudi, nitarudi. Asiporudi..." Akaokota panga lake.

Lori la mchanga lilinibeba mpaka Kendu Bay. Phelesia alikuwa barazani na jirani yake, mama mnene aliyeitwa Jedidah, wakichambua mboga. Nilimwamkia. Aliitikia vizuri. Nilianza kusema nilichokuja kusema, akainua mkono.

"Umetoka mbali. Kula kwanza."

Aliniletea meza ndogo, ugali, na samaki mzima katika mchuzi. Alininawisha mikono. Nilingoja aondoke, kama wanawake wa kwetu na wa kwao waondokavyo mgeni akila. Hakuondoka. Alivuta kiti, akakiweka mbele ya meza, uso kwa uso nami, akakaa. Jedidah akavuta chake, akakaa kando yake. Wote wawili wakaweka mikono mapajani na kunitazama.

"Kula, Bwana Mochama," Phelesia akasema.

Nilikata tonge. Likafika mdomoni, na mdomo ukakataa kufunga. Yeye alikuwa wa umri wa mama mzaa mke wangu, na alinitazama kama atakavyonitazama huyo siku ya mwisho. Nikatafuna. Nilisikia ninavyotafuna. Sikuwahi kujua kwamba natafuna kwa sauti kubwa hivyo.

"Anatafuna upande mmoja," Jedidah akasema.

"Jino," nikasema.

"Asiseme akiwa na chakula mdomoni," Jedidah akasema, si kwangu.

Nilikula matonge matatu. La nne lilianguka kwenye suruali.

"Umeshiba?" Phelesia akauliza.

"Nimeshiba, mama."

"Hujashiba. Huwezi kushiba namna hiyo." Akaondoa sahani. "Sasa sema."

Nikasema. Nilisema kwamba sikujua, na kwamba kutojua kwangu kulikuwa ni uvivu, kwa sababu nilikuwa nimeandika mpaka ukubwa wa vikombe vyao na sikuwa nimeuliza nani ni nani kwa nani. Nikasema meza itaondolewa.

"Meza ni nzuri," akasema. "Gisiri anaipenda, na Monicah sasa anakula kama mtu. Usiiondoe. Ila mimi na yule usituweke. Kila mtu ajue atakula wapi, mwenyewe."

"Haya, mama."

"Na ile daftari. Umeandika nini kunihusu?"

Nilikuwa nalo mfukoni. Nikalifungua, nikasoma. Phelesia. Kendu Bay. Mjane. Mkatoliki. Chai, sukari vijiko viwili. Mwaminifu. Ana ugomvi na mpishi.

Jedidah alijipiga paja. Phelesia hakucheka.

"Kikohozi hujaandika."

"Kikohozi gani?"

"Moshi wa tanuri yako unaingia bandani. Upepo ukitoka ziwani, wote unaingia. Miaka minne nakohoa. Monicah naye ameanza. Siku ile unatuhubiria mezani, nani alikohoa?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimefikiri ni mguso.

"Ulijenga paa la mabati juu ya meza," akasema. "Mabati hayo yangekunjwa yakawa bomba la moshi. Mimi sijasoma, lakini hilo nililiona tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeniuliza."

Nilimwambia nitalijenga. Hakusema atarudi wala hatarudi. Alinisindikiza mpaka barabarani, na tulipofika akasema kwamba jino bovu ling'olewe, lisingojewe. Nikapanda gari la kwenda Homa Bay, na kutoka hapo nikafika Migori nikiwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi, na njia yote nilichora mabomba.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kiwandani. Nilimwambia Gisiri awashe moto, ingawa sikujua nani atapika. Nyasuguta aliniuliza kwa nini nawasha moto bila mpishi. Nikamjibu kwamba maji ya miwa yanachukua saa nyingi mpaka karai la mwisho, na mtu aliyetoka Kosele alfajiri anaweza kufika kabla ya hapo. Akasema haya.

Wafanyakazi sita wengine walikuja. Niliwakusanya, nikawauliza, kwa mara ya kwanza na kwa sauti, wanahitaji nini. Walitazamana. Kisha wote wakasema moshi, na Monicah akasema tena moshi. Gisiri akasema moshi, na viatu vya mbao vya kusimamia kwenye jivu la moto, na kwamba hotuba za mchana zipunguzwe. Nikaandika vyote vitatu.

Tukapanda juu ya meza, tukang'oa mabati ya paa. Saa tatu tulikuwa tumeyakunja na kuyafunga kwa waya, bomba refu lililopinda kidogo. Tulilisimamisha juu ya tanuri. Moshi ukapanda, ukatoka juu, ukatafakari, ukashuka upande wa pili na kuingia kwa dirisha la ofisi yangu.

"Tulisogeze?" Gisiri akauliza.

"Ofisini yuko mtu mmoja," nikasema, "na bandani wako watatu." Niliona ni hesabu nzuri. Nililazimika kuifanya nikiwa nje, kwa sababu ndani sikuona daftari.

Karai la kwanza lilichemka. La pili likachemka. La tatu likaanza kutoa mapovu manene, ya rangi ya kahawia, na mimi nikasimama juu yake bila saa. Nilikuwa nimeiacha nyumbani makusudi. Nilitazama mapovu na hayakuniambia kitu.

"Karani," Gisiri akasema, "usiguse mwiko."

"Sijagusa."

"Unaukaribia."

Mlango wa upande wa mto ulifunguliwa. Javan aliingia akiwa ametota mpaka magotini, akavua koti, akalitundika. "Mama alimtuma mtu kwa Roseline jana jioni," akasema, akainama juu ya karai. Kisha akatazama kwenye kona, ambako donge jeusi la Ijumaa, tulilolibandua karaini, lilikuwa bado na mwiko wake umesimama.

"Hii nani alipika?"

"Mimi," nikasema.

"Ulikuwa unapika sukari au lami ya barabara?"

"Sukari."

"Hm." Akachukua mwiko mpya, akakoroga mara moja. "Toeni," akasema. "Sasa."

Watu wakarukia vishikio. Wakati huo nilisikia lango la mbele. Phelesia alikuwa anapita uani kuelekea bandani, kikapu mkononi, kanga begani, bila haraka. Javan aligeuza uso ukutani. Alikaa hivyo mpaka mama alipopita, mwiko juu, ukidondosha sukari kwenye jivu, na sisi wote tukangoja naye, na mimi, ambaye nilikuwa nimesimama kati ya njia na tanuri, nilisogea kando ili Javan asilazimike kuipinda shingo sana.

Phelesia alisimama kwenye mlango wa banda. Alivuta pumzi kwa pua, akatazama juu, akafuata moshi kwa macho mpaka dirishani kwangu.

"Karani," akaita, "ofisi inaungua?"

"Hapana, mama," nikasema. "Ni bomba."

"Basi leo utafanyia hesabu zako wapi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilitoa kalamu na karatasi zangu kupitia dirisha, nikiwa nimefumba macho, nikaenda kukaa peke yangu kwenye meza ya futi kumi na nane, sasa isiyo na paa, mahali palipoandikwa Phelesia. Mvua ilianza saa sita.